Ukubwa wa Shamba Sio Ukubwa wa Ghala

Mimi ni bibi shamba wenu, kutoka chuo cha kilimo. Leo sitazungumza habari za mbolea wala za viwavi. Leo nataka tupige hesabu pamoja. Hesabu hiyo itatupeleka nchi za mbali, Marekani, Japani, Taiwan na India, kisha itaturudisha hapa hapa kwetu, Kongwa na Kilimanjaro. Basi chukua kalamu na karatasi. Kama huna kalamu, chukua punje za mahindi uzipange mkekani, zitatosha.

Kwanza nikueleze kisa kilichonifanya niandike mazungumzo haya. Katika kijiji kimoja ninachokitembelea yuko mzee mwenye ekari nne. Siku moja nilifika kwake kabla ya msimu wa kulima. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Nataka uwe shahidi. Ekari zangu tatu nazikodisha kwa mfanyabiashara mmoja, miaka mitano."

Nikamwuliza kulikoni. Akaniambia kwamba mwanawe, fundi wa magari mjini, amemweleza habari za kilimo cha Marekani. "Kijana anasema mkulima wa kule ana ekari mia nne na zaidi. Sasa mimi na ekari zangu nne, bibi shamba, ni mkulima au ni mtu anayecheza?"

Ndugu msomaji, siku ile sikuwa na jibu zuri. Na nikiri kosa langu: mimi mwenyewe nilipomaliza masomo nilikuwa nikiwahimiza wakulima wapanue mashamba tu, kana kwamba kupanua ndiko kuendelea. Nilimwomba mzee asitie saini mpaka nirudi. Nikaenda chuoni nikafungua vitabu. Haya unayoyasoma ndiyo niliyomrudia nayo.

HESABU TATU

Tunapouliza, "Mkulima wa nchi gani anafanya vizuri?" tunachanganya maswali matatu kuwa moja. Swali la kwanza: ekari moja inatoa kiasi gani? Hiyo ni hesabu ya ekari. La pili: mtu mmoja anayefanya kazi shambani anatoa kiasi gani? Hiyo ni hesabu ya mkono. La tatu: baada ya kulipa vibarua, mbegu, mbolea na madeni, kinabaki nini? Hiyo ni hesabu ya mfuko.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Bwana Kwanza ana ekari 100, trekta, na watu wanne wa kazi. Anavuna gunia 10 kwa ekari, jumla gunia 1,000. Bwana Pili ana ekari 4, na nyumbani kwake watu wanne wanalima. Anavuna gunia 20 kwa ekari, jumla gunia 80.

Nani bora? Kwa hesabu ya ekari, Bwana Pili amemshinda mwenzake mara mbili. Kwa hesabu ya mkono, Bwana Kwanza ameshinda mbali: kila mtu wake ametoa gunia 250, na kila mtu wa Bwana Pili ametoa 20.

Twende mfukoni sasa. Bwana Kwanza anadaiwa mafuta, mishahara, vipuri na mkopo wa benki. Tuseme deni lote ni thamani ya gunia 850, anabaki na 150. Bwana Pili amenunua mbegu na mbolea kwa thamani ya gunia 20, anabaki na 60. Bado Bwana Kwanza yuko mbele. Lakini mwaka unaofuata bei inashuka kwa sehemu moja ya tano. Deni ni la fedha, halishuki pamoja na bei ya mahindi. Ili alipe deni lile lile, Bwana Kwanza anahitaji kuuza zaidi ya gunia 1,060, naye anazo 1,000 tu. Ghala lake limejaa, na yeye amefilisika. Bwana Pili anahitaji kuuza gunia 25 badala ya 20. Anabaki na 55, na watoto wanakula.

Sisemi Bwana Pili ni tajiri. Nasema kwamba ukiambiwa "fulani ana shamba kubwa", bado hujaambiwa kitu. Uliza hesabu zote tatu.

MAREKANI: ARDHI TELE, WATU HABA

Haya, twende Marekani alikotaja kijana wa mzee. Mwaka 1862 serikali ya nchi ile ilitunga sheria ya kugawa ardhi. Mtu aliweza kupewa ekari 160, mradi akae hapo na kulima kwa miaka mitano. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imenyang'anywa wenyeji wa asili, Wahindi Wekundu kama tulivyozoea kuwaita, na jambo hilo tusilisahau. Ila kwa mkulima mgeni aliyefika, ardhi ilikuwa tele na watu wa kumsaidia kazi walikuwa haba. Mtu mwenye ekari 160 na mikono miwili atafanyaje? Atatafuta chombo. Ndiyo sababu Wamarekani walitengeneza plau za chuma cha pua, mashine za kuvunia zilizokokotwa na farasi, halafu matrekta. Kila chombo chao kilikuwa cha kuokoa mikono.

Sasa nakuomba utulie, maana hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa miaka mingi vyombo vyote vile havikuongeza mavuno ya ekari. Tangu takwimu zao zilipoanza kuandikwa katika miaka ya 1860 mpaka miaka ya 1930, ekari moja ya mahindi ya Marekani ilitoa wastani wa kilo 600 hivi, yaani gunia sita za kilo 100 na kitu kidogo. Gunia sita, ndugu yangu! Hayo ndiyo mavuno ya wengi wetu hapa tunaopanda mbegu ya kienyeji bila mbolea. Babu wa Mmarekani huyu anayesifiwa alikuwa na shamba kubwa na plau nzuri, na kwa ekari alivuna kama wewe.

Mabadiliko yalikuja na mbegu chotara, ambayo ilianza kuenea kwa wakulima wao katika miaka ya 1930. Ikafuata mbolea ya viwandani, hasa baada ya vita vya pili vya dunia. Mwaka 2023 wastani wao ulikuwa gunia 45 kwa ekari. Kwa hiyo trekta lilimwezesha mtu mmoja kulima eneo kubwa, na mbegu pamoja na rutuba ndivyo vilivyoijaza ekari. Trekta ni kitu kimoja, mavuno ya ekari ni kitu kingine.

Na je, shamba lao lilikuaje mpaka likafika ekari mia nne na zaidi? Mwaka 1935 Marekani ilikuwa na mashamba milioni 6.8, na wastani wa shamba ulikuwa ekari 155. Mwaka 2022 yalibaki mashamba milioni 1.9, na wastani ukawa ekari 463. Ardhi haikuongezeka. Karibu mashamba milioni tano yamemezwa na mengine. Shamba kubwa la Mmarekani limejengwa kwa mashamba ya jirani zake.

Wengine waliondoka kwa hiari, maana viwanda vya mijini viliwaita na mishahara ilikuwa mizuri. Wengine waliondolewa na madeni. Katika miaka ya 1970 bei za nafaka zilipanda, wakulima wakakopa wanunue ardhi na mashine. Miaka ya 1980 ilipoingia, riba ikapanda na bei zikashuka. Katika jimbo la Iowa, ambako ni moyo wa nchi yao ya mahindi, kati ya 1981 na 1986 bei ya ardhi ilianguka kwa zaidi ya nusu. Mtu aliyekopa kwa kuweka rehani shamba alijikuta deni ni kubwa kuliko shamba lenyewe. Wengi walinadiwa mali zao.

Hata leo, zaidi ya nusu ya kaya zenye mashamba Marekani hazipati faida kutoka shambani. Wengi wao ni wale wenye mashamba madogo, nao wanaishi kwa mshahara wa kazi nyingine. Wenye mashamba makubwa sana ndio wanaotoa sehemu kubwa ya mazao na kupata faida, na serikali yao huwasaidia bei zinapoharibika. Basi kijana wa mzee hakusema uongo. Alisema nusu ya habari.

JAPANI: WATU TELE, ARDHI HABA

Tuvuke bahari twende Japani. Kule mambo yalikuwa kinyume. Nchi ni ya milima, mabonde ya kulima ni machache, na watu ni wengi. Kwa vizazi vingi familia ya mkulima wa Japani ilikuwa na hekta moja tu hivi, yaani ekari mbili na nusu. Ni ndogo kuliko shamba la mzee wetu!

Mtu mwenye mikono mingi na ardhi kidogo hana haja ya chombo cha kuokoa mikono. Anataka cha kuokoa ardhi. Basi Wajapani walitafuta mbegu bora, maji na mbolea. Mfano mmoja wa kazi yao ni huu. Mwaka 1882 mtaalamu wao aitwaye Yokoi Tokiyoshi alieneza njia ya kuchagua mbegu za mpunga kwa maji ya chumvi. Unatia mbegu katika maji ya chumvi, zilizo nyepesi zinaelea, nzito zinazama. Zinazoelea unazitupa, zilizozama unazisuuza kwa maji safi na kuzipanda. Gharama yake ni chumvi tu. Kadhalika walipandikiza miche kwa mistari iliyonyooka, ili kipalilio kipite katikati. Wakatia majarubani mbolea ya samaki na ya mashudu ya soya.

Matokeo yalikuwaje? Mwaka 1961 ekari ya mpunga Japani ilitoa gunia 20 hivi za kilo 100. Mwaka huo huo Marekani, pamoja na matrekta yake yote, ilitoa gunia 15 hivi. Mwenye ekari mbili na nusu alimshinda mwenye mamia ya ekari, kwa hesabu ya ekari. Lakini nisikudanganye: ushindi huo haukudumu. Wamarekani nao waliboresha mbegu, na siku hizi mpunga wao unatoa zaidi ya gunia 30 kwa ekari, Japani gunia 27 hivi. Shamba dogo halina dawa ya siri. Kila mwenye kutunza ekari yake, ekari humlipa.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kila nchi ilijifunza kutunza kile kilichokuwa haba kwake. Mmarekani alitunza mikono, Mjapani akatunza ardhi. Shika maneno hayo, tutayarudia.

KABAILA NA MPANGAJI

Lakini ekari ikizaa vizuri, anayekula ni nani? Kabla ya vita vya pili vya dunia, karibu nusu ya ardhi ya kilimo Japani ililimwa na wapangaji. Mpangaji alilima, akapalilia, akavuna, kisha katika majaruba ya mpunga alimpelekea mwenye ardhi karibu nusu ya mavuno. Taiwan pia hali ilikuwa hiyo. Hesabu ya ekari ilikuwa nzuri, na hesabu ya mfuko ilikuwa ya kusikitisha.

Mwaka 1946 Japani ilitunga sheria ya kugawa ardhi upya. Makabaila wasioishi kijijini walinunuliwa ardhi yao yote na serikali. Waliokaa kijijini waliachiwa kiasi cha hekta moja ya kukodisha, isipokuwa kaskazini, kisiwa cha Hokkaido, ambako waliachiwa hekta nne. Iliyobaki iliuzwa kwa wapangaji wenyewe. Ilipofika 1950, ardhi iliyokuwa ikilimwa na wapangaji ilibaki kama sehemu moja ya kumi.

Taiwan walikwenda kwa hatua. Mwaka 1949 kodi ya shamba iliwekewa kikomo, isizidi asilimia 37.5 ya zao kuu. Mwaka 1951 serikali ikaanza kuuza mashamba yake kwa wakulima. Mwaka 1953 ikaja sheria ya kumpa ardhi anayelima. Mwenye ardhi alibaki na hekta tatu hivi za mpunga, na mpangaji alilipia shamba lake kidogo kidogo kwa miaka kumi. Bei ilikuwa mara mbili na nusu ya mavuno makuu ya mwaka.

Zingatia tofauti iliyopo. Mtu anayelipa nusu ya mavuno, ukimwambia atie samadi, atauliza, "Kwa faida ya nani?" Mtu aliyeambiwa kwamba baada ya miaka kumi shamba ni lake, atatia samadi usiku na mchana. Wakulima wa Taiwan, wenye hekta moja moja, walivuna mpunga mara mbili kwa mwaka na kupenyeza mboga katikati. Katika miaka ya 1960 walikuwa wakiuza nje uyoga na asparaga za makopo kwa wingi. Walikuwa na vyama vya wakulima vilivyowapa mikopo, mbolea na mahali pa kuuzia. Ardhi peke yake isingetosha.

MBONA SHAMBA DOGO HUTOA ZAIDI KWA EKARI?

Swali hili liliwasumbua wataalamu wa India. Katika miaka ya 1950 walipima mashamba katika sehemu mbalimbali za nchi yao, na mara nyingi wakaona shamba linavyokuwa kubwa ndivyo mavuno ya ekari yanavyopungua. Mwaka 1962 mchumi wao, Amartya Sen, aliandika akieleza sababu yake. Nitakueleza kwa maneno ya shambani.

Mwenye shamba kubwa hutegemea vibarua. Kibarua anapewa ujira wa siku. Ikifika mahali ambapo palizi ya tatu haitaleta mavuno ya kulipa ujira huo, mwenye shamba anasema, "Basi, inatosha." Lakini mama anayelima shamba lake mwenyewe hajilipi ujira. Anarudi jioni kung'oa magugu yaliyobaki, anapanda maboga pembeni na kunde katikati, anaokota mpaka punje iliyodondoka. Ndiyo maana ekari yake inatoa zaidi.

Hiyo ni sifa, lakini ni uchungu vile vile. Maana yake ni kwamba jasho la familia halihesabiwi. Ekari inasifiwa, na aliyeinama kutwa hana akiba. Ukisikia mtu akisifu shamba dogo bila kutaja mgongo wa mama, mwulize hesabu ya pili na ya tatu.

KONGWA: UKUBWA BILA KUIJUA ARDHI

Sasa turudi nyumbani. Baba yake mzee wetu alikwenda Kongwa mwaka 1947 kufanya kazi katika mradi wa karanga, kwa hiyo habari hii ameisikia tangu utoto.

Uingereza baada ya vita ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukatengenezwa mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa kabisa ikiwa Tanganyika. Mpango ulikuwa wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Matrekta yaliletwa, mengine mabovu yaliyotumika vitani, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu na vichaka vikakataa kung'oka. Udongo wa Kongwa, mvua ikikatika, ulikauka ukawa mgumu kama tofali, ukala majembe ya mashine, ukazibana karanga chini zisichimbuke. Na mvua yenyewe haikuja kama vitabu vya London vilivyotarajia. Katika miaka ile ya kwanza karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko mbegu zilizoagizwa. Januari 1951 mradi ukavunjwa, na hasara ilifika paundi milioni 36 hivi.

Pembeni yake Wagogo waliendelea kulima mtama na uwele na kufuga ng'ombe. Hawakuwa matajiri, na njaa waliijua. Lakini waliijua mvua yao. Somo la Kongwa silo kwamba mashine ni mbaya. Somo ni kwamba waliiga ukubwa wa nchi nyingine bila kuuliza kilicho haba hapa. Hapa kilichokuwa haba hakikuwa ardhi. Kilikuwa ni maji.

MDOGO SHAMBANI, MKUBWA SOKONI

Je, mwenye shamba dogo hana nguvu basi? Anayo, ila haipo katika shamba lake peke yake. Tazama Kilimanjaro. Wachaga walikuwa na vihamba vya ekari moja mbili, migomba na kahawa pamoja. Walowezi wa Kizungu hawakupenda Mwafrika apande kahawa. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao kulinda kahawa yao na kuiuza pamoja. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika. Mmoja mwenye gunia mbili hana usemi mbele ya mnunuzi. Maelfu wenye gunia mbili mbili ni mfanyabiashara mkubwa.

Kenya nako, kabla ya miaka ya 1950 chai ilihesabiwa kuwa zao la makampuni yenye mashamba makubwa. Mwaka 1957 kiwanda cha Ragati, Nyeri, kilianza kusindika chai ya wakulima wadogo. Leo wakulima wadogo zaidi ya laki tano, wengi wao wakiwa na chai isiyozidi ekari moja au mbili, hutoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Mkulima anachuma majani yake kwa mikono, na hapo udogo ni faida, maana anachuma kwa uangalifu. Kiwanda ni cha pamoja, maana hapo ndipo ukubwa unapohitajika.

Ushirika nao una magonjwa yake, mnayajua: mizani iliyochezewa, malipo ya kuchelewa, viongozi wanaonenepa peke yao. Ugonjwa wa ng'ombe hautibiwi kwa kuwafukuza ng'ombe wote zizini. Soma hesabu za chama chako mkutanoni, na ukikuta usichokielewa, simama uulize.

TURUDI KWA MZEE

Nilirudi kwa mzee na hesabu zangu, tukakaa chini ya mwembe, tukapanga punje za mahindi mkekani. Ekari zake tatu za mahindi zilitoa gunia 19 msimu uliopita. Gharama zake za fedha zilikuwa thamani ya gunia 4. Zikabaki 15. Mfanyabiashara alitaka kumpa kodi yenye thamani ya gunia 6 kwa mwaka, kwa ekari zote tatu. Mzee akazitazama punje sita, akazitazama kumi na tano, akanyamaza.

Kisha nikamwuliza lile swali la Japani na Marekani. "Baba, kwako wewe kilicho haba ni nini?" Alifikiri kidogo akasema, "Mwanangu, ardhi haijapungua. Mikono ndiyo imepungua. Palizi ya pili hainifikii. Mke wangu mgongo unamwuma, na vijana wako mjini."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee hakuwa na shamba dogo mno. Kwa mikono aliyokuwa nayo, alikuwa na shamba kubwa mno! Alikuwa akilima ekari tatu vibaya, magugu yakila nusu ya mbolea yake.

Tukaamua hivi. Ekari moja aikodishe, kwa mwaka mmoja tu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Ekari mbili azilime kwa mbegu chotara, samadi ya zizini na mbolea kidogo ya dukani, na fedha ya kodi imlipie vibarua wa palizi mbili, kila moja kwa wakati wake. Mvua ilikuwa nzuri msimu ule. Ekari mbili zilitoa gunia 26. Safari hii gharama zilipanda kufikia thamani ya gunia 8, zikabaki 18. Ongeza kodi ya ekari moja, thamani ya gunia 2, jumla 20. Mwaka uliotangulia zilikuwa 15.

Gunia tano za ziada si utajiri. Zililipa ada ya mjukuu na kuezeka sehemu ya paa. Na mvua ikiwa mbaya mwaka mwingine, mbolea ya dukani itabaki kuwa gharama. Kwa hiyo nilimshauri asiikopee fedha.

Kuna jambo moja sikumjibu mzee, na siwezi kulijibu hapa. Ana wana watatu. Ekari nne zikigawanywa kwa watatu, kila mmoja atapata ekari moja na theluthi. Wajukuu je? Mjapani aliokoka kwa sababu watoto wake walipata kazi viwandani, na familia nyingi zikawa na mguu mmoja shambani na mmoja kazini. Mmarekani aliyeacha shamba alikuwa na mji wa kumpokea. Kijana wetu anayeuza shamba leo aulize kwanza mji unampokea kwa kazi gani. Na mzazi anayegawa shamba aulize kama ni lazima kila mtoto apate kipande cha udongo, au mmoja alime vizuri na wengine wasomeshwe kwa mazao yake. Hayo ni ya kikao cha ukoo. Yazungumzeni mkiwa hai, msiwaachie watoto wayazungumze mahakamani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msimu huu nunua daftari moja dogo. Andika ekari ulizolima, siku za kazi, fedha iliyotoka, gunia zilizoingia. Mwisho wa msimu piga hesabu zote tatu. Halafu mtu akija kukuambia habari za ekari mia nne, utakuwa na swali la kumwuliza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, kilicho haba zaidi ni nini: ardhi, mikono, maji au fedha? Je, mnachokinunua kila msimu kinaokoa kitu hicho?

2. Nani kati yenu anajua ekari yake moja ilitoa gunia ngapi msimu uliopita, na zilibaki ngapi baada ya gharama?

3. Palizi ya pili huwashinda kwa sababu gani? Mnaweza kusaidiana kwa zamu?

4. Aliyekodisha shamba kwa miaka mingi alipata nini, na alipolirudishiwa lilikuwa na hali gani?

Kwa leo naishia hapa. Nawatakia kazi njema na msimu mwema. Kwaherini.